Mwalimu Anapohamishwa, Akae Mtaa Gani?

Kila mwezi wa Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, huonekana katika stendi ya magari mjini Bungoma walimu wenye mizigo isiyokuwa ya safari ya kawaida: godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, jiko la gesi, sanduku la vitabu. Barua ya uhamisho imewafikia likizoni na sasa wanaelekea Kitale. Watashika barabara ya Webuye, wapinde kaskazini, wapite Kamukuywa na Kiminini, na kabla ya adhuhuri watakuwa wamefika. Safari yenyewe haitimizi kilomita mia moja, na kwa anayeitazama ramani tu, mtu huyu hajahama, amevuka ua.

Hata hivyo, kaa na jamaa zake usiku wa kuamkia safari, usikilize watakayomuuliza. Hawataanza na kodi ya nyumba wala maji. Watauliza, "Huko mtaani kuna watu wetu?"

Mpenzi msomaji, mimi siwezi kulicheka swali hilo, ingawa ninalipinga. Lina historia. Mapigano ya kikabila ya miaka ya 1991 na 1992 yaliwang'oa watu mashambani Trans Nzoia na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na wengi wao wakakimbilia miji hii miwili. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozua ghasia nchini, uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Kitale uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Wakati huo huo, juu mlimani, mgogoro wa mashamba ya Chebyuk ulikuwa umekwisha kuzaa kundi lenye silaha na kuleta mauti kwa raia. Aliyewahi kulala nje na watoto wake kwa sababu ya jina lake ana haki ya kuuliza majirani wataitwa nani.

Na mwalimu huulizwa swali hilo kwa uzito zaidi, kwa kuwa aghalabu hachagui mji. Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilipoanza mwaka 2018 kuwatoa walimu katika kaunti za kwao, wengi walilalamika kuwa ndoa zao zinavunjika na kwamba wanapelekwa ugenini pasipo ulinzi. Sera hiyo ilipingwa vikali hata Bungeni, na kufikia mwaka 2023 wengi walikuwa wakirejeshwa. Lakini uhamisho haujakwisha wala hautakwisha. Mji atachaguliwa, mtaa atauchagua mwenyewe.

Hapo ndipo inapofaa kujua miji hii ilivyoumbwa, maana haikuumbwa sawa. Bungoma ni mji uliomea juu ya mashamba ya wenyeji. Toka kidogo katikati ya mji, uelekee Musikoma au Kanduyi, nawe utaona ploti za kupangisha zimesimama kando ya migomba na makaburi ya babu wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe yuko hapo hapo. Alizaliwa hapo, atazikwa hapo, na ukichelewesha kodi atakuja kukuamkia asubuhi kwa upole unaoumiza kuliko matusi. Kitale ina nasaba nyingine. Ni mji wa walowezi wa Kizungu, uliofikiwa na reli mwaka 1926 ili mahindi yao yapate njia ya kwenda sokoni, na Mwafrika aliishi humo kama mfanyakazi. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya wilaya hiyo yaligawanywa na kununuliwa na watu wa kila upande: Wabukusu, Wakikuyu, Wanandi, Wakisii, Wateso, juu ya Wasabaoti na Wapokoti ambao ardhi hiyo wanaihesabu kuwa ya mababu zao. Kwa hiyo mwenye nyumba wako Kitale huenda naye baba yake alifika kwa lori, na mzigo wake ukiwa kama wako.

Ikiwa ni hivyo, kutafuta Kitale mtaa wa "watu wetu" ni kutafuta kitu ambacho mji wenyewe haukujengwa nacho. Mbukusu wa kutoka Bungoma atawapata wenzake popote atakapotua, na bado hilo halitampa maji. Mteso wa Malakisi hatawapata kwa wingi huo. Je, asilale? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na usiku mtoto anapopandwa na homa, atakayegonga mlango wa mwenye gari ni jirani wa ukuta mmoja, awe Mturkana au Mluhya.

Basi mwalimu aulize nini? Kwanza aulize mvua. Januari ni mwezi wa kiangazi Kitale, na kiangazi ni msema uongo mkubwa katika habari za nyumba. Barabara ya udongo iliyo ngumu kama saruji siku unapolipa amana itakuwa uji ifikapo mwishoni mwa Aprili, nayo mvua ya huko haina haraka ya kuondoka. Huweza kukaa hadi Oktoba. Mwenye bodaboda aliyekutoza nauli ndogo Januari atakutoza maradufu au akatae kabisa kuingia. Tazama alama za maji kwenye kuta, kiasi gani juu ya msingi. Muulize mwanamke anayeuza mboga kwenye kona, wala usimuulize ajenti wa nyumba, kwa kuwa ajenti hulipwa ukikubali.

Pili ni maji ya kunywa, na hapa sitasema mengi: fungua mfereji mwenyewe, jioni, si asubuhi. Kukiwa na kisima, pima kwa macho umbali wake na choo cha shimo. Anayetoka Bungoma ajue pia kuwa Kitale iko juu zaidi, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Blanketi moja halitoshi mwezi wa Julai. Anayeshuka kwenda Bungoma naye asisahau chandarua.

Tatu ni hesabu. Marupurupu ya nyumba ya mwalimu hufuata mahali shule ilipo, hayafuati mahali anapolala. Wapo wanaofanya kazi Kitale na kulala Kiminini ili wabakize kitu, na wapo wanaofundisha vijijini ilhali wameng'ang'ania nyumba ya mjini kwa kodi inayomeza marupurupu yote na sehemu ya mshahara. Nauli ya kila siku, mara siku za shule katika muhula, iandikwe kwenye karatasi kabla ya kusifu vigae vya sakafuni.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigawanya na wenzangu. Kila mji wetu una Milimani yake, Kitale ikiwemo na Bungoma pia, jina lililorithiwa na vilima walikokaa wakubwa wa serikali ya mkoloni. Na kila mji una upande wake mwingine. Kitale upande huo huitwa Tuwani, Kipsongo, Shimo la Tewa, Matisi. Walimu wazee hunishauri kwamba mwalimu asikae wanakokaa wanafunzi wake: watamwona akinunua sukari ya kupima, watamsikia akigombana na mkewe, na heshima itapungua. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini mwalimu aliyekaa Tuwani anajua kwa nini mtoto fulani hufika saa mbili unusu kila siku ya soko, na hatapoteza muhula mzima akimwadhibu. Ninajua mwalimu aliyegundua kwa kupanga chumba mtaa mmoja na wanafunzi wake kwamba watatu kati yao walisoma chini ya taa ya duka. Akazungumza na mwenye duka, taa ikaachwa ikiwaka hadi saa nne.

Tena mitaa hiyo haikukaa ilivyokuwa. Mapema katika miaka ya 2000, wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa walikaa pamoja na baraza la mji na shirika la Practical Action, ambalo wakati huo liliitwa ITDG, wakapanga wenyewe mahitaji yao ya maji na vyoo. Mtaa ambao watu wake wamewahi kuketi na kukubaliana juu ya bomba una kitu ambacho mtaa wa kuta ndefu na mbwa wakali huenda hauna.

Simlazimishi mtu kukaa Kipsongo. Mwenye watoto wachanga ana mizani yake, na mwalimu wa kike anayerudi jioni kutoka kwenye masomo ya ziada ana mizani nyingine, ambayo sisi wanaume hatuipimi vyema; yeye na aipite njia ile saa moja usiku, pamoja na mtu, kabla ya kulipa. Ninachomwomba mwalimu mgeni ni kwamba mara ya kwanza asibebe kila kitu. Akodishe chumba kimoja kwa muhula mmoja, kabati na viti vibaki Bungoma. Mvua ya Aprili ikishapita juu ya paa lake, na akishajua nani kati ya majirani humwamkia na nani hufunga mlango, ndipo aite lori.