Mimea isiyotoa mbegu

Mimea isiyotoa mbegu ni mimea ya nchi kavu inayozaliana kwa spora. Spora ni chembe ndogo sana, kwa kawaida ya seli moja, ambayo hupeperushwa na upepo. Tofauti na mbegu, haina kiinitete ndani yake. Mimea hiyo haichanui maua wala haizai matunda. Kuvu hazimo katika kundi hili, kwa sababu si mimea.

Uzazi

Maisha ya mimea hii yana vizazi viwili vinavyopokezana. Sporofiti hutoa spora. Spora ikiota penye unyevu huwa gametofiti, ambayo hutoa gameti za kiume na za kike. Gameti ya kiume huogelea majini mpaka ilifikie yai. Pasipo maji, hata tone la mvua au umande, utungisho haufanyiki. Ndiyo sababu mimea mingi ya aina hii huonekana kandokando ya mito, katika misitu ya milimani na kwenye kuta zenye unyevunyevu.

Mimea isiyo na mishipa

Kundi hili halina zailemu wala floemu, yaani mishipa ya kusafirishia maji na chakula. Halina mizizi ya kweli, hivyo mimea yake hubaki mifupi. Matawi yake ni matatu:

* Vigoga (*Bryophyta*): wana kijishina na vijani vidogo.
* *Marchantiophyta*: baadhi yao ni bapa na hutambaa juu ya udongo kama vipande vya ini.
* *Anthocerotophyta*: sporofiti zao husimama kama vipembe.

Sehemu ya kijani inayoonekana siku zote ni gametofiti. Sporofiti huota juu yake na kuitegemea.

Mimea yenye mishipa

Hapa sporofiti ndiyo kubwa, na ina mizizi, shina na majani. Kwa kuwa ina mishipa, inaweza kurefuka.

* *Lycophyta*: majani yao ni madogo yenye mshipa mmoja tu. Mfano ni *Selaginella*.
* Kangaga: majani yao huwa makubwa na, yakiwa machanga, hujikunja kama konokono. Spora hukaa chini ya jani, mara nyingi katika madoa ya kahawia. Kangaga *Alsophila manniana* wa milima ya Afrika hukua kama mti.
* *Equisetum*: shina lina pingili na silika nyingi, na huko Ulaya lilitumika kusugulia vyombo. Siku hizi huainishwa pamoja na kangaga.

Umuhimu

Sehemu kubwa ya makaa ya mawe ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini ilitokana na misitu ya kipindi cha Karboni, miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita. Humo *Lepidodendron*, jamaa wa *Selaginella*, alifikia urefu wa mita 30 au zaidi.

Kangaga mdogo wa majini *Azolla* huishi na bakteria zinazonasa nitrojeni ya hewani, hivyo hurutubisha mashamba ya mpunga. Kinyume chake, *Salvinia molesta* kutoka Brazil alifunika sehemu za Ziwa Naivasha nchini Kenya, akizuia mitumbwi na nyavu za wavuvi. Anadhibitiwa kwa mdudu *Cyrtobagous salviniae*, anayemla. Kangaga wa jenasi *Pteridium* ni sumu kwa ng'ombe.