Namba 19 isiwe mizani ya Qur'ani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa idadi ya kila kitu. Ndugu Waislamu, leo tuizungumzie namba 19, ambayo vijana wetu huletewa katika vijitabu na ujumbe wa simu kuwa ndiyo ufunguo wa siri wa Qur'ani.

Kihesabu, 19 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukigawanya 1 kwa 19, desimali zake hujirudia kila baada ya tarakimu 18. Wataalamu wa falaki nao waligundua zamani kuwa miaka 19 ya jua inakaribiana mno na miezi 235 ya mwandamo.

Katika Suratul Muddaththir (74:30-31), 19 ni idadi ya malaika walinzi wa Moto, na aya inabainisha kuwa idadi hiyo imefanywa mtihani kwa waliokufuru.

Mwaka 1974 Rashad Khalifa, Mmisri mtaalamu wa biokemia aliyeishi Marekani, alitangaza kuwa Qur'ani imejengwa juu ya 19. Baadhi ya hesabu zake mtoto wa madrasa anaweza kuzihakiki: Bismillahi kamili ina herufi 19, na sura 114 ni 19 mara 6. Wengi walifurahi. Lakini hesabu nyingine zilipogoma, hakuiacha nadharia yake. Alizikana aya mbili za mwisho za Suratut Tawba (9:128-129), akadai zimeongezwa na watu. Tena akadai kuwa yeye ni mjumbe wa Mungu. Maulamaa wakampinga.

Tazameni basi: aliyeanza kwa kuithibitisha Qur'ani kwa namba aliishia kuihukumu kwa namba. Na kuhesabu maneno kuna hiari nyingi. Je, Bismillahi ya mwanzo wa sura ihesabiwe au iachwe? Mwenye kuchagua apendavyo hakosi jibu alitakalo.

Wazazi, kijana akija na habari hizi msimkemee. Mwacheni ahesabu, kwani hesabu ni elimu njema. Kisha mumuulize: ikizidi moja, utaacha hesabu yako au utaacha aya? Qur'ani imetufikia kwa vifua vya mahafidhi na kwa maandishi, kizazi baada ya kizazi, kabla hajazaliwa mwenye kuipigia hesabu hizi.

Wallahu a'lam.