Nyanya, Habasoda na Tembe za Presha: Mbona Daktari Haambiwi?

Kama ushawahi kulala kwa nyanya yako Kibokoni, hii stori unaijua. Ukikohoa kidogo, asali na tangawizi. Tumbo likisokota, shubiri, na ni chungu vibaya sana. Ukikunja uso unaambiwa, "Mamako alikunywa hii hii."

Sasa usidhani wazee hawaamini hospitali. Wengi wao kliniki ya sukari na presha hawakosi. Kwao hizi njia mbili hazina beef. Na iko sababu. Kwa nyumba nyingi za Mji wa Kale, habasoda na hijama ni mambo ya dini pia, yametajwa kwa hadithi za Mtume. Tena muuza dawa wa mtaa anakujua kwa jina na ana muda wa kukusikiza. Hospitalini ni foleni ndefu, halafu unaongea na daktari dakika chache tu.

Hata serikali haijakataa: Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asili.

Shida iko wapi? Kunyamaza. Mzee haambii daktari ju anaogopa kufokewa. Na hizo vitu zinafanya kazi mwilini kweli. Habasoda inaeza kushusha sukari. Ukiipiga juu ya dawa ya sukari, inaeza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, hadi kuzimia. Mtu anayemeza warfarin akila saumu nyingi kama dawa, au akienda hijama, damu inaeza kukataa kukatika.

Kubaya zaidi ni kuacha dawa kabisa. Unakumbuka kikombe cha Babu wa Loliondo, 2011? Shilingi 500 za Tanzania, watu wakatoka hadi huku Kenya. Kuna waliokunywa wakaacha ARV zao, wakazidiwa.

So ufanye nini? Usimcheke nyanya, utafungiwa mlango na hutaambiwa kitu tena. Muulize kwa adabu: "Shikamoo nyanya, unatumia dawa gani siku hizi?" Siku ya kliniki, beba kila chupa na kila unga kwa mfuko mmoja, umwonyeshe daktari. Ukiona anatetemeka na kutokwa jasho na bado yuko macho, mpe maji ya sukari na umkimbize hospitali.

Habasoda inaeza kubaki kabatini. Siri ndio itoke.