Ukiwaombea wapinzani wapigwe, chunga presha yako

JE, msomaji, umewahi kujikuta ukiishangilia timu usiyoipenda kwa sababu tu inacheza na ile inayowatangulia nyinyi katika msimamo wa ligi? Ikiwa wewe ni shabiki wa kandanda kisiwani Mombasa, huna haja ya kujibu. Pita Kibokoni, Bondeni au Majengo jioni ya Jumamosi mwezi wa Januari, msimu ukiwa katikati, uwasikilize waliokaa barazani na vikombe vyao vya kahawa chungu. Timu yao imekwisha kucheza, tena imeshinda. Lakini hakuna anayeondoka. Wanangoja mchezo wa wapinzani, na wanangoja wapigwe.

Adui mwombee njaa, walisema wahenga. Mashabiki wa Arsenal hawajausahau usiku wa Mei 14, 2024, walipolazimika kuiombea heri Tottenham, jirani wasiyeweza hata kumtaja kwa wema, ili iizuie Manchester City. City ilishinda 2-0. Siku tano baadaye wakaigeukia West Ham, nayo ikapigwa 3-1 na City ikachukua kombe. Hapa kwetu, shabiki wa Bandari aliyekuwa akienda Mbaraki katika msimu wa 2018/19 aliijua vyema kazi hiyo. Macho yalikuwa kwa Bandari, sikio lilikuwa kwa Gor Mahia. Gor walitwaa ubingwa, Bandari ikamaliza ya pili.

Huenda ukauliza, haya yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanahusu sana, kwa sababu mwili wako haujui kwamba ule ni mpira tu. Unapokaa roho juu dakika ya 88, ubongo huamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo huenda mbio, mishipa hujibana na shinikizo la damu hupanda. Homoni nyingine, kotisoli, hufuata na kukaa kwa muda mrefu zaidi. Mambo haya Mungu aliyaumba yamsaidie mtu kukimbia simba. Wewe hukimbii popote. Umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Kwa kijana mwenye afya, hali hiyo hupita bila madhara. Taabu ipo kwa yule ambaye mishipa ya moyo wake imeanza kuziba au presha yake iko juu, ajue asijue.

Madaktari wa Munich, Ujerumani, walihesabu dharura za moyo wakati wa Kombe la Dunia la 2006 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 katika jarida la New England Journal of Medicine. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume zilikuwa mara 3.26, kwa wanawake mara 1.82. Waliokuwa wakijulikana tangu hapo kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo waliathirika zaidi, takriban mara nne. Wengi walipatwa ndani ya saa mbili za kwanza tangu kipenga cha kuanza. Jambo la kuzingatia, msomaji, ni kwamba Ujerumani ilishindwa mchezo mmoja tu kati ya saba katika mashindano hayo, na bado ongezeko lilionekana katika michezo sita. Moyo hauyangoji matokeo ndipo uumie.

Si kwamba matokeo hayana uzito kabisa. Juni 30, 1998, Uingereza ilipotolewa na Argentina kwa mikwaju ya penalti, waliolazwa hospitalini Uingereza kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na siku mbili zilizofuata. Katika mashindano hayo hayo, siku ambayo Ufaransa ilichukua kombe nyumbani, vifo vya wanaume wa Kifaransa kutokana na mshtuko wa moyo vilipungua. Furaha nayo ina dawa yake.

Sasa mfikirie shabiki wetu wa katikati ya msimu. Wale wa Munich walikuwa na mchezo mmoja, kisha wakapumzika siku kadhaa. Wewe una mchezo wako, halafu wa anayekutangulia, halafu wa anayekufuata kwa pointi mbili. Jumamosi moja huwa vita vitatu. Na kwa maoni yangu, kungoja mwenzio ateleze huchosha kuliko kungoja wako ashinde. Wako angalau unaweza kumshangilia. Wapinzani huna la kuwafanya ila kutazama saa na kuuma kucha. Aliyeweka pesa mkekani ndiyo hana raha kabisa, maana amejifungia wapinzani saba kwa mpigo.

Saa zenyewe pia ni adui. Januari, mchezo unaoanza London saa mbili usiku huanza kwetu saa tano usiku, na humalizika ikikaribia saa saba. Kabla ubishi haujapoa na usingizi haujaja, saa nyingine imepita. Adhana ya alfajiri iko karibu na saa kumi na moja. Mtu aliyelala saa tatu au nne, tena mara mbili au tatu kwa wiki, asishangae akiona presha haishuki hata kwa dawa.

Tuseme na vile vinavyoshikwa mkononi. Sigara huukimbiza moyo na kubana mishipa. Muguka na miraa hufanya vivyo hivyo, na zaidi ya hayo huondoa usingizi. Kahawa ya dele kwa aliyeizoea haina ubaya mkubwa, lakini kikombe cha sita saa tano usiku ni kingine. Kachiri na achari vina chumvi tele; Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hizo ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mchuzi na mkate. Sisemi baraza livunjwe. Ninasema anayevuta, anayetafuna, asiyelala na mwenye presha wasiwe mtu mmoja.

Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu presha haina kelele. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwenye baraza la watu wanane, basi, wawili huenda wanayo, na huenda hawajui. Wapo pia wanaojua, wakapewa vidonge, wakaviacha kwa kuwa "najisikia vizuri". Presha inayotulia ni kwa sababu ya kidonge, ukikiacha hurudi. Kimeze saa yako ile ile, mchezo uwepo usiwepo.

Kama hesabu za jedwali ndizo zinazokunyima usingizi, hesabu nyingine huenda ikakutuliza. Ligi Kuu ya Uingereza ina michezo 38. Baada ya 19, kila timu bado ina pointi 57 za kupigania. Januari 1996 Newcastle iliongoza kwa pointi 12, na Manchester United wakachukua ubingwa. Januari 2023 Arsenal ilikuwa na pointi 50 kwa michezo 19, ikamaliza ya pili. Sare ya mpinzani mwezi huu haikupi kombe, wala ushindi wake haukunyang'anyi. Chagua mchezo mmoja wa kutazama. Matokeo ya mingine utayapata asubuhi, pamoja na mahamri.

Lakini dalili hizi zisingoje asubuhi, wala zisingoje mapumziko: kifua kubana au kuwa kizito kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yanayopanda taya, bega au mkono, jasho la baridi, pumzi kukatika. Wengi husema ni gesi, wakaagiza soda. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika ghafla ni dalili za kiharusi. Mgonjwa asiachwe aende peke yake. Vichochoro vya Mji wa Kale vingi havipitishi gari, kwa hivyo jueni mapema ni nani jirani mwenye tuktuk, na mgonjwa atabebwa kwa njia gani hadi Ndia Kuu au barabara nyingine ya gari, na kutoka hapo hadi Hospitali Kuu ya Pwani au iliyo karibu nanyi.

Kupima presha ni kazi ya dakika chache katika zahanati na maduka mengi ya dawa. Usivute wala kunywa kahawa kwa nusu saa kabla. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Upimwe mara mbili. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, kisha mpelekee daktari vipimo vyote vimeandikwa kwenye karatasi pamoja na tarehe zake. Siku hiyo isiwe ya mchezo.