Kishikwambi Hakimfanyi Mtu Daktari

Jirani yangu alinijia juzi na swali zito: je, auze ng'ombe wake wa maziwa ili bintiye, aliyeitwa kusomea udaktari, apate kishikwambi?

Hapana shaka kwamba chombo hicho kina manufaa. Kitabu cha anatomia cha Henry Gray, kilichotolewa kwa mara ya kwanza London mwaka wa 1858, siku hizi kina kurasa zaidi ya 1,000. Kishikwambi hubeba vitabu kama hivyo tele, na picha ya mshipa mwembamba huweza kukuzwa ikaonekana waziwazi. Mwaka wa 2010, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliwapa wanafunzi wapya wa udaktari vifaa vya iPad.

Hata hivyo, kubeba si kujua. Sisi wanaisimu twafahamu kuwa msamiati haukai akilini kwa kutazamwa tu. Mwanafunzi hana budi kuuchora mfupa kwa mkono wake, kuyatamka majina ya sehemu zake, na kuushika katika maabara. Kioo hakina uzito wa mfupa.

Nilimshauri jirani asiuze ng'ombe. Maziwa yatasaidia karo. Vitabu vimo maktabani. Kishikwambi kitanunuliwa baadaye, hata kilichokwisha kutumika.

Waingereza hukiita chombo hiki kwa neno lile lile litajalo tembe ya dawa. Naam, tembe humezwa kwa kipimo, wala haimshibishi mwenye njaa.