Je, Wajua? Sili Wanaohesabiwa kwa Ndege na Maajabu Mengine ya London

Mto Thames uliwahi kutangazwa kuwa umekufa

Naam, umekufa! Mwaka 1957 wataalamu wa Natural History Museum walisema sehemu inayopita London haina tena uhai. Bakteria waliokuwa wakiozesha maji taka walimaliza oksijeni yote, samaki wakakosa pumzi. Leo zimeorodheshwa aina 115 za samaki, wakiwemo papa wadogo na hata farasi-bahari. Kazi kubwa ilifanywa na mitambo ya kusafisha maji taka, lakini mimi nazistaajabia zaidi boti za oksijeni: mvua kubwa ikisukuma uchafu mtoni, boti hizo huingia na kupuliza hadi tani 30 za oksijeni kwa siku.

Na sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi badala ya miguu, wanahesabiwa kwa ndege. Watafiti wa Zoological Society of London huwapiga picha kutoka angani wakiwa wamejilaza kwenye mafungu ya mchanga karibu na bahari. Mwaka 2018 walihesabu watoto 138.

Kuna wakati jiji lilihitaji maji yavutwe zaidi

Viwanda vilivuta maji ya visima kwa miaka mingi hata, katikati ya miaka ya 1960, chini ya uwanja wa Trafalgar Square, katikati ya London, maji yakawa karibu mita 90 chini ya usawa wa bahari. Viwanda vilipofungwa, maji yakaanza kurudi, mahali pengine kwa kasi ya hadi mita 3 kwa mwaka, yakielekea kwenye misingi ya majengo na njia za treni za chini ya ardhi! Mwaka 1992 kikaundwa kikosi maalumu, GARDIT, cha kupanga namna ya kuyavuta. Mpaka leo Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, hupima kina cha maji hayo visimani na kutoa ripoti.

Lango la mto lina kimo cha jengo la ghorofa tano

Ni moja ya malango makubwa ya Thames Barrier, kizuizi cha mafuriko kwenye Mto Thames, yanayofanya kazi tangu 1982. Kwa kawaida hulala chini mtoni, meli zikipita juu yake. Bahari ikitishia kufurika, huinuka.

Ng'ombe wa Epping Forest wana ua usioonekana

Katika msitu huu wa pembezoni mwa London, ng'ombe wamevaa shingoni kola zenye GPS, na mchungaji huchora mpaka kwenye simu yake. Ng'ombe akikaribia mpaka husikia mlio. Akikaidi, hupigwa shoti ndogo ya umeme. Malisho yao huzuia vichaka visiyameze maua ya porini na wadudu wanaoyategemea.

Mimea yetu ilichukua miaka 64 kuorodheshwa

Hili ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 1948 bustani ya Kew, magharibi mwa London, ilianza kazi ya kuandika mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ilimalizika 2012, baada ya wataalamu 135 kutoka nchi 21 kuelezea aina 12,104! Mmea usiojulikana hauwezi kulindwa, na mingine huota katika msitu mmoja tu duniani, kama ile ya milima ya Usambara, Tanzania. Majani na maua yaliyokaushwa, yaliyochumwa kwenye milima hiyohiyo, yamehifadhiwa Kew miongoni mwa vielelezo zaidi ya milioni 7, na picha za vingi unaweza kuzitazama kwenye intaneti ukiwa hukohuko milimani, Lushoto.