Umekosea Kukata Kitambaa? Usikitupe

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kitambaa si maji. Kitambaa kilichokatwa vibaya kinaweza kuungwa, kupunguzwa au kutumiwa mahali pengine.

Jambo hili ni muhimu kwako wewe unayeshona mfarishi. Mfarishi ni shuka nene la kujifunika. Juu yake kuna vipande vingi vya vitambaa vilivyoshonwa pamoja. Katikati kuna pamba au blanketi kuukuu. Chini kuna kitambaa kizima. Wakati wa baridi, mfarishi humkinga mtoto vizuri.

Vipande hivyo mara nyingi ni mabaki ya vitenge, kanga na nguo za zamani. Ukiharibu kimoja, huenda usipate kingine cha rangi ile. Kununua kitambaa kipya ni gharama. Kwa hiyo jifunze kurekebisha kabla ya kutupa.

WEKA MKASI CHINI

Ukigundua kosa, usikate tena. Watu wengi huona upande mmoja umepinda, wakaupunguza. Kisha huona upande wa pili umepinda, wakaupunguza nao. Mwisho kipande kinakuwa kidogo mno. Haraka haraka haina baraka.

Weka mkasi chini. Piga kipande pasi, ukitandaze mezani au mkekani. Pengine hakikupinda, kilikunjamana tu. Kisha kipime pande zote nne, uandike vipimo vyake.

Tuchukue mfano. Unashona mfarishi wa mtoto. Upana wake ni sentimeta 90, na urefu ni sentimeta 120. Umekata vipande vya mraba, kila upande sentimeta 17. Mshono unakula sentimeta 1 kila upande. Kwa hiyo kipande kikishashonwa kinabaki sentimeta 15. Utahitaji vipande 6 kwa upana na vipande 8 kwa urefu. Jumla ni vipande 48.

KIPANDE KIMOJA KIMEPUNGUA

Umepima kipande kimoja, ukakuta upana wake ni sentimeta 14. Kimepungua sentimeta 3. Je, utaunga utepe wa sentimeta 3? Hapana. Ukifanya hivyo bado kitapungua, kwa sababu mshono wa kuunga nao unakula kitambaa. Unakula sentimeta 1 ya kipande na sentimeta 1 ya utepe.

Kanuni ni hii: chukua upungufu, ongeza sentimeta 2. Hapa utakata utepe wenye upana wa sentimeta 5 na urefu wa sentimeta 17. Ushone, piga pasi, kisha pima. Utapata sentimeta 17 kamili. Ukipenda, tumia utepe wa rangi nyingine. Utaonekana kama pambo.

VIPANDE VYOTE VIMEPUNGUA

Pengine vipande vyote vina sentimeta 16. Usivitupe. Jambo kubwa katika mfarishi ni vipande kulingana. Vishone vyote kama vilivyo. Kila kimoja kitabaki sentimeta 14. Mfarishi utakuwa na upana wa sentimeta 84 na urefu wa sentimeta 112.

Sasa uzungushie ukingo. Kwa pande mbili ndefu, kata tepe mbili zenye upana wa sentimeta 5 na urefu wa sentimeta 114. Zishone kwanza. Kisha, kwa juu na chini, kata tepe mbili zenye upana wa sentimeta 6 na urefu wa sentimeta 92. Ukimaliza mishono yote, utarudi kwenye sentimeta 90 kwa 120.

KIPANDE KIMEKATWA MSHAZARI

Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu na nyuzi zinazokwenda kwa upana. Ukikata kwa kufuata nyuzi hizo, kipande hutulia. Ukikata mshazari, kipande huvutika na kulegea.

Kipande cha namna hiyo kipake maji ya wanga wa muhogo, kikauke, kisha kipige pasi. Usiburute pasi. Ibonyeze, iinue, uibonyeze tena. Kisha kishikize kwa pini nyingi kwenye kipande kilichokatwa sawa, au kipige bandi kwanza. Kile kilichonyooka kitakishika chenzake.

MKASI UMETOBOA

Kama mkasi umechana ukingoni chini ya nusu sentimeta, usijali. Mpasuko utaingia ndani ya mshono. Kama tundu liko katikati, kata kiraka kinacholizidi tundu kwa sentimeta 2 kila upande. Kunja kingo zake ndani kwa nusu sentimeta, kiweke juu ya tundu, ukishone kwa mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo likiachwa, kufua kutalipanua.

MABAKI YASIYO NA UMBO

Vipo vipande visivyorekebishika. Hivyo pia vina kazi. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi watu waitwao Wasidi. Wao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko zamani, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu.

Hawahitaji vipande vinavyolingana. Hutandaza kitambaa kizima chini. Huanza kushona vipande pembeni, wakizunguka kuelekea katikati. Kila kipande hupandishwa kidogo juu ya chenzake, kingo hukunjwa ndani, na bandi ya mkono hushika vyote pamoja. Kipande kirefu, kifupi au kilichopinda, vyote hupata mahali. Wewe pia unaweza kufanya hivyo kwa mabaki yako.

ZUIA KOSA LISIRUDI

Fua vitambaa vya pamba kabla ya kukata, kwa maana vipya hurudi vikifuliwa. Kata kipimo cha mraba kutoka boksi gumu, uchore kila kipande kwa chaki au kipande cha sabuni. Tumia boksi hilo hilo mpaka mwisho. Usitumie kipande cha kwanza kupimia cha pili, na cha pili kupimia cha tatu. Kosa litakua. Nusu sentimeta katika kila kipande ni sentimeta 4 katika vipande 8.

Tena, usikate vyote mara moja. Kata viwili, uvishone, upime. Vipande viwili vya sentimeta 17 vikiungwa lazima viwe na sentimeta 32. Vikiwa pungufu, mshono wako unakula mno. Ni nafuu kulijua hilo ukiwa na vipande viwili kuliko ukiwa na 48.

Na kabla hujatupa kipande chochote, jiulize maswali matatu. Je, naweza kukiunga? Je, naweza kupunguza vingine vilingane nacho? Je, naweza kukishona mahali pengine? Jibu la swali moja likiwa ndiyo, kitambaa chako hakijapotea.